Bi Pasi na Zabibu Zisizoiva kwa Pamoja

Mwaka ule mvua zilisahau kukoma. Dada yangu alikuwa msichana, ameajiriwa karibuni kuwa dobi wa misheni, na chumba chake cha kufulia nyuma ya sakristia kilijaa nguo mbichi kutoka ukutani hadi mlangoni: alba, zile kanzu nyeupe za mapadri, mashuka ya mabruda, vitambaa vya altare vyenye darizi pembeni. Jua halikuonekana, kwa hiyo alizikausha kwa pasi ya mkaa, moja baada ya nyingine, jasho likimtiririka na mdomo ukienda sambamba na mkono. Ndipo watu walipoanza kumwita Bi Pasi. Mwanzo ilikuwa kwa sababu ya kazi yake. Baadaye ikawa kwa sababu ya tabia, maana alikuwa moto na hakuvumilia kumwona mtu yeyote amekunjamana.

Lakini kilichomtoa roho msimu ule si mvua, bali divai. Misheni ilikuwa na Bruda mmoja, mtunza ghala, mtu aliyezoea kuzungumza na mapipa kuliko na wanadamu, na yeye ndiye aliyetengeneza divai ya altare kutokana na mizabibu michache iliyoegemea ukuta wa jiko. Ilikuwa divai nyekundu, nzito, karibu nyeusi kama wino wa shule. Kila Misa ilipokwisha, kitambaa kidogo cha kufutia kalisi, kikombe cha divai ya Misa, kilirudi kwa Bi Pasi kikiwa na doa. Alilitia chumvi. Alilisugua kwa ndimu. Alililoweka katika maji ya bluu. Doa lilibadilika rangi tu, likawa la zambarau kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi, kisha la kijivu, lakini kuondoka halikuondoka.

Asubuhi moja alifunga khanga yake kiunoni, akaenda ofisini kwa Paroko mzee, akamtandazia kitambaa juu ya meza.

"Baba Paroko, hiki ni nini?"

"Kitambaa, binti yangu."

"Kilikuwa kitambaa. Sasa ni ramani."

Paroko alicheka hata miwani ikamteleza puani. "Sasa unataka tufanyeje? Tuache kusoma Misa?"

"Sijasema hivyo, Baba. Nauliza tu: kwani ni lazima divai iwe nyekundu? Mwenyezi Mungu hakuumba zabibu nyeupe?"

Alikuwa ameziumba. Wala Kanisa halikatazi; linachotaka ni kwamba divai ya altare itokane na zabibu halisi, isiharibike, wala isichanganywe na kitu kigeni. Paroko akaagiza vipandikizi kutoka misheni nyingine ya mbali, na baada ya miezi kadhaa kikafika kifurushi kilichofungwa kwa gunia lililoloweshwa maji, chenye kibati kilichoandikwa Chenin Blanc. Bruda alilisoma jina hilo kwa sauti ya puani. Sisi tulichukua sehemu yake iliyotuenea mdomoni, tukaiita zabibu ile Shenini.

Bruda ndiye aliyepeleka habari kwenye chumba cha kufulia.

"Bi Pasi, zabibu zako zimefika."

"Zangu? Tangu lini?"

"Paroko amesema aliyeziomba ndiye azilee."

"Mimi niliomba kitambaa cheupe!"

"Ndicho hicho," alisema Bruda, akiweka gunia mlangoni. "Kiko mbali kidogo tu."

Mchuma janga hula na wa kwao. Kijana seremala wa misheni, ambaye wakati huo alikuwa akitafuta kila sababu ya kupita karibu na chumba cha kufulia, alijikuta akichimbia nguzo na kuvuta nyaya katika kipande cha ardhi kilichopakana na kamba za nguo. Mwaka uliofuata alimwoa dada yangu. Alipenda kusema kwamba alikuja kwa mahari akaambiwa alete nyundo.

Shenini iliwachosha tangu ilipochipua. Iliamka mapema kabla ya mizabibu mingine yote, na ilipoamka haikujua kiasi. Matawi yalikimbia juu ya nyaya, yakavuka nguzo, yakadaka kamba za nguo. Siku moja Bi Pasi alikuta mkono wa mzabibu umejizungusha kwenye mkono wa alba ya Paroko, umekaza kabisa, kama watu wawili waliokutana baada ya miaka mingi.

"Tazama!" alimwita mumewe. "Tazama mambo haya! Mti umevaa alba!"

"Labda una wito," alijibu seremala.

"Wewe cheka tu. Leta mkasi."

Alipopogoa sana, mizabibu ililipiza kisasi kwa majani. Alipopogoa kidogo, ilizaa kwa fujo, vichala juu ya vichala, na tembe zake zikabanana kama punje za hindi, hewa isipite katikati. Na zabibu zenyewe, lo! Kichala kimoja, kikonyo kimoja, upande huu tembe za rangi ya dhahabu zinazonata utamu vidoleni, upande wa pili tembe za kijani, kali hata masikio yanasogea. Bi Pasi alikuwa akimsimamisha mtu yeyote aliyepita njiani.

"Hebu onja hii. Tamu?"

"Tamu, Bi Pasi."

"Haya, sasa onja ndugu yake wa tumbo moja."

Mtu angefumba macho, angetema, naye dada angeinua mikono juu kama aliyeshinda kesi. "Unaona? Nimesema uongo? Mama mmoja, kitanda kimoja, mmoja malaika, mwingine jambazi!"

Bruda alimpa dawa tangu mavuno ya kwanza. Nakumbuka walikuwa wamesimama kati ya mistari miwili, yeye na kofia yake mkononi. "Zabibu hii haivunwi siku moja," alisema polepole. "Unachukua iliyoiva, unaiacha isiyoiva, unarudi. Mara tatu, hata nne."

"Bruda, watu nimewapata Jumamosi. Jumamosi ni moja."

Na hapo ndipo palipokuwa na kizuizi. Mavuno ya misheni yalifanywa na wanajumuiya waliojitolea. Walikuja Jumamosi moja tu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shughuli zake, na Bi Pasi ndiye aliyewapanga. Aliwapanga kweli kweli. Vikapu vilikuwa tayari, mikasi imenolewa, kila familia na mstari wake, na ilipofika adhuhuri mizabibu yote ilikuwa mitupu na vikapu vyote viko ghalani. Kwake hilo lilikuwa fahari. Hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Kwa hiyo malaika na jambazi waliingia pamoja katika mashine ya kukamulia, mwaka hata mwaka.

Divai ilitoka nyeupe kama alivyotaka. Vitambaa vikawa safi, doa likasahaulika. Lakini ilikuwa kali. Paroko mzee, mtu wa Mungu, aliinywa miaka yote bila kutamka neno la lawama. Ila kila alipoinua kalisi na kunywa, jicho lake la kushoto lilijifunga lenyewe. Waumini walilijua jicho lile. Vijana wa benchi la nyuma waliambiana, "Limefunga, tujiandae kwenda nyumbani."

Bi Pasi aliliona jicho lile kila Jumapili, na kila Jumapili alirudi nyumbani amenuna.

"Tutie asali kidogo," alimwambia Bruda.

"Haitiwi."

"Sukari kijiko kimoja. Nani atajua?"

"Utajua wewe, nitajua mimi, na atajua Mwenyewe. Haitiwi. Vuna kwa awamu."

"Usinianze, Bruda."

"Sijakuanza. Nakujibu."

Alijaribu yote isipokuwa hilo. Alipunguza majani upande wa asubuhi. Akayapunguza upande wa jioni. Akamwaga majivu, akamwaga samadi, akaivuna mapema, akaivuna kwa kuchelewa, lakini daima siku moja, Jumamosi, yote. Nilimkuta mara nyingi amesimama mbele ya mzabibu, mkono kiunoni, akiusema kama mtu anavyomsema mpangaji asiyelipa.

"Mke wangu," seremala alimwuliza siku moja, "mbona unagombana na mti?"

"Mti wenyewe unanijibu!"

"Mimi naielewa sana zabibu hii. Nimeishi nayo ndani. Upande mmoja asali, upande mwingine ndimu, na hakuna ajuaye asubuhi atachuma upi."

Taulo la maji lilimfikia usoni kabla hajamaliza kucheka.

Miaka ilipita kwa namna hiyo. Watoto wao walikua, wakaoa na kuolewa. Bruda akaanza kutembea kwa mkongojo. Paroko mzee akastaafu, akaondoka na jicho lake, na mahali pake akaja Paroko kijana, mtu mnyoofu mwenye haraka, aliyezoea mambo kufanyika leo. Katika Misa yake ya kwanza alikunywa divai ya Shenini bila kuonywa na mtu. Uso wake wote ulikunjwa kama karatasi, kisha akakohoa. Alikuwa amevaa kipaza sauti. Kikohozi kile kilipita katika spika zote, kikatoka nje hadi barabarani.

Baada ya Misa alimkuta Bi Pasi sakristia akikunja vitambaa.

"Mama, ile ni divai au siki?"

"Ni divai, Baba. Ina tabia."

"Tabia gani hiyo? Nimeona nyota."

Hakuwa mtu mbaya, na sitaki msomaji amwone hivyo. Alikuwa na tatizo lake: waumini wenye magari waliegesha mbele ya mageti ya majirani, na majirani walikuwa wamekwisha kumjia juu. Kipande cha mizabibu kilikuwa sawasawa, kipana, karibu na mlango wa kanisa. Divai ingeweza kununuliwa, imefungwa vizuri, haina tabia. Halmashauri ya parokia ilikubali mara moja kwamba mizabibu ing'olewe, pawe maegesho. Hata hivyo Paroko aliona haya kumng'olea mwanamke mzee kazi ya maisha yake bila kumpa nafasi.

"Mavuno ya mwaka huu yapite kwanza," alimwambia. "Nikiweza kuinywa bila kukunja uso, mizabibu itabaki. Nikishindwa, tunang'oa. Tumeelewana, Mama?"

"Tumeelewana, Baba. Wala usinionee huruma. Ing'oeni! Mtanipumzisha."

Lakini siku hiyo aliunguza kitambaa cha altare. Mumewe alipoiona alama ya pasi pale katikati, ya kahawia, aliacha utani. Hakuwahi kuona jambo hilo tangu amwoe.

"Unaipenda," alisema.

"Siipendi! Imenizeesha. Imenitoa mvi. Nimeilea kuliko nilivyowalea watoto wako, na haijanisikia hata siku moja. Ila nikizika kitu nataka nijue kimekufa kwa ugonjwa gani."

Zabibu zilikuwa zimeanza kubadilika rangi, alasiri moja mawingu yalipojikusanya. Mkamwana wake, aliyekuwa akimsaidia kazi ya ufuaji, alitoka mbio kuanua nguo. Alianza mwanzo wa kamba akaenda mpaka mwisho, akivuta kila alichokifikia na kukitupa katika kapu moja. Bi Pasi alimkuta katikati.

"We mama! Nani amekufundisha kuanua hivyo?"

"Mvua, mama mkwe!"

"Mvua ndiyo iwe nini? Leso imekauka, blanketi linachuruzika, unavitia kapu moja? Vyote vinuke uvundo? Nguo hazikauki pamoja hata zikianikwa pamoja! Unaanua iliyokauka, unaiacha mbichi, unarudi! Mara ngapi nimesema? Unaanua, unaacha, unarudi!"

Bruda alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya ghala, mkongojo katikati ya magoti. Aliinua kichwa, akamtazama.

Bi Pasi alisimama na vibanio vya nguo mkononi.

"Unatazama nini, Bruda?"

"Sijasema kitu."

"Umesema! Miaka yote hii umekuwa ukisema, na kwa nini hukusema kwa sauti?"

"Mimi sauti yangu ni hii hii," alijibu Bruda, na nadhani hiyo ndiyo mara pekee tuliyomwona akicheka na meno.

Jumamosi ya mavuno wanajumuiya walifika na vikapu vyao, mwenyekiti wao akiwa mbele. Bi Pasi aliwapokea kwenye kona ya mstari wa kwanza.

"Leo mnachuma zenye rangi ya dhahabu peke yake. Kichala kilicho nusu, mnakiacha. Wiki ijayo mtarudi."

"Wiki ijayo?" mwenyekiti aliuliza. "Bi Pasi, mimi nimefunga duka."

"Na mimi mwanangu ana harusi," alisema mama mmoja.

"Basi harusi iive, zabibu zisubiri," mwingine alidakia, watu wakacheka, wakaingia mistarini. Lakini mazoea yana taabu. Robo saa haikupita, nusu yao walikuwa wakikata kila kilichoning'inia, kama walivyokuwa wamefundishwa na yeye mwenyewe.

"Acheni! Hiyo bado! Jamani, hamna macho? Hiyo ni kijani!"

"Ni wewe uliyetufundisha tusiache kitu!"

"Nilikosea! Sasa mnataka nipige magoti?"

Mwenyekiti alifuta mkasi wake, akaurudisha kapuni. "Mama, amua moja. Ama tunavuna, ama hatuvuni."

"Basi nendeni. Nendeni nyumbani, nyote, asanteni sana, poleni."

Waliondoka wakinung'unika, wengine wakisema Bi Pasi sasa umri umempanda kichwani. Alibaki na mumewe na mkamwana wake, ambaye tangu siku ya mvua alikuwa amekwisha kuzoea kufokewa. Wakamaliza raundi ya kwanza watatu peke yao. Siku kadhaa baadaye wakaingia ya pili, seremala akilalamikia mgongo wake katika kila mzabibu.

"Huyu nimekwisha kumwamkia juzi. Nirudi tena?"

"Rudi. Ameiva begani."

"Na mimi je, lini nitaiva?"

"Wewe umeoza zamani. Chuma."

Raundi ya tatu ilikuwa imebaki, mvua ikaja kweli. Ilinyesha siku mbili, na vichala vile vilivyobanana vikashika maji ndani. Jua lilipotoka, ukungu wa kijivu ulikuwa umetanda juu ya tembe. Bi Pasi alimpelekea Bruda kichala kimoja mkononi, akamwuliza huu ni ugonjwa gani.

Bruda alikinusa, akakigeuza. "Kuna nchi ambako ukungu huikausha zabibu hii ikiwa mzabibuni, ikawa tamu kama asali."

"Ndio huu?"

"Huu si ule."

"Sasa unaniambia ya nini?"

"Umeniuliza."

Bi Pasi alikaa chini kati ya mistari na mkasi mdogo wa kushonea, akakata tembe moja moja zilizoharibika, akaacha zilizo nzima, akisonya muda wote. Sehemu kubwa ya mavuno ya tatu ilitupwa. Kilichookolewa kilipelekwa ghalani, na Bruda akakiweka katika pipa lake, mbali na mapipa ya kwanza na ya pili, hadi divai zilipotulia akazichanganya mwenyewe, bila kumruhusu Bi Pasi kuchungulia. Miezi ile ya kungoja hakuna aliyekaa naye kwa raha. Alikuwa akiupita mlango wa ghala na kuugonga kwa ngumi. "Inasemaje?"

"Inapumua," Bruda alijibu kutoka ndani. "Iache ipumue."

Paroko kijana aliichagua Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, wasije watu wengi. Hata hivyo wengi walikuja. Bi Pasi alikaa benchi la mbele, mumewe upande mmoja, mkamwana upande wa pili, na Misa ilipofika mahali pa kuinua macho aliyainamisha. Ni mumewe aliyetazama. Paroko alikunywa. Uso wake ulibaki kama ulivyokuwa. Seremala alimgusa mkewe kwa kiwiko, na dada yangu akamwambia kwa sauti iliyosikika hadi benchi la tatu, "Acha kunisukuma, niko kanisani."

Katika sakristia, Paroko alimwuliza, "Mama, ni zabibu zile zile?"

"Ni zile zile, Baba. Mimi ndiye niliyebadilika."

"Ina ukali bado, lakini ukali wa adabu. Nimeipenda. Ipo ya kutosha mwaka mzima?"

"Haipo. Mvua imekula. Itakufikisha nusu mwaka."

Paroko hakulivunja neno lake: mizabibu ilibaki, na nusu ya pili ya mwaka divai ilinunuliwa. Lakini magari nayo yalihitaji mahali, kwa hiyo mstari mmoja, ule wa kandokando ya kamba za nguo, uling'olewa. Bi Pasi aliulilia kama mtoto. Alidai kwamba huo ndio mstari pekee uliokuwa umeanza kumsikiliza. Juu ya hayo, Paroko alimwagiza awafundishe wanajumuiya kuvuna kwa awamu, ili wasimtegemee mtu mmoja.

"Unaona?" alinilalamikia. "Nimeshinda, mdogo wangu, na tuzo yenyewe ni kazi. Nikaanze kumfundisha mwenyekiti rangi ya dhahabu! Yule hata nyanya hajui imeiva."

Aliwafundisha. Iliwachukua misimu kadhaa, na magomvi hayakupungua. Mwenyekiti alijifunza mwisho wa wote, akawa mkali kuliko mwalimu wake. Bruda alitutoka, kisha seremala akamfuata, na misheni ikanunua mashine ya kufulia iliyomwondolea dada yangu karai na pasi. Hakuwa na la kufanya tena isipokuwa mizabibu, nayo haikumwacha apumzike: mwaka huu ilizaa mno, mwaka ule ikagoma, na kila mavuno alikuja kwangu kuniambia kwamba sasa amechoka nayo kabisa, mwakani asiitwe.

Alifariki katika wiki ya mavuno, nyumbani kwake, akiwa amelala. Aliyemwona mara ya mwisho ni mkamwana wake. Anasema kwamba asubuhi ya Jumanne Bi Pasi aliingia mstari wa pili, akachuma kikapu kimoja kutoka upande wa mashariki, akakiweka kivulini na kukifunika kwa taulo. Akaonja tembe moja ya upande wa magharibi, akaitema, akasema upande huo uachwe hadi Jumamosi. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.